Dallas Sidekicks 1984–85: ushindi 12, vipigo 36. Lawama aibebe nani?

#1 MzeeWaUkuta
Wakuu, salaam.
Kuna msimu mmoja wa soka la ndani la Marekani, lile linalochezwa ndani ya uwanja wa hoki wenye ukuta pande zote, ambao nikiupiga hesabu haukai sawa. Dallas Sidekicks waliingia ligi ya MISL msimu wa 1984–85. Mechi 48. Wakashinda 12, wakapoteza 36. Sare hakuna, ligi ile kila mechi lazima iamuliwe. Yaani robo kamili ya mechi.

Sasa tazameni waliokuwepo. Kocha Gordon Jago, aliyeipandisha klabu ya QPR daraja la kwanza Uingereza mwaka 1973 kisha akafundisha Tampa Bay Rowdies ya Marekani. Mbele yuko Mbrazili Tatu, naye katokea Rowdies. Mwenye timu ni Donald Carter, bosi wa Dallas Mavericks ya mpira wa kikapu. Wanachezea Reunion Arena, ukumbi wa maana. Hii siyo timu ya kuokoteza.

Dai langu: walifungwa na ukuta. Timu mpya hukusanya watu wa viwanja vya nje, na mtu wa nje anahitaji msimu mzima kuuzoea. Beki wa nje mpira ukipita pembeni yake anauacha utoke apate mpira wa kurusha. Ndani hautoki. Unagonga mbao, unarudi nyuma yake, na mshambuliaji kashapita. Mwenye hoja nyingine aje nayo.

#2 KipaNamba1
Mleta mada uko karibu, ila mlango umekosea. Tatizo la timu mpya huanzia kwa kipa.

Kipa wa nje anajifunza kusukumia mpira pembeni. Ndani ukiusukumia pembeni unagonga ukuta hatua chache kutoka kwenye nguzo na kurudi katikati ya eneo. Umempa adui pasi. Kipa wa ndani anaudaka, au anaulaza chini mbele yake, au anaupandisha juu ya kioo utoke kabisa.

Halafu kuna shuti la kukosa kwa makusudi. Mtu anapiga nje ya nguzo ya pili, kwa nguvu, chini. Mpira unarudi kwenye nguzo ya kwanza wakati kipa kashalala upande wa pili. Kipa mgeni hufungwa hivyo hadi atambue kwamba akiona mwili wa mpigaji umefunguka mno, asilale.

#3 ChengaKavu
Si ndiyo futsal hii? Mbona mnaizungushia maneno.

#4 BwanaTakwimu
ChengaKavu, hapana, na tulimalize mapema uzi usipotee.
Futsal: uwanja wa mita 40 kwa 20, hakuna ukuta, mpira namba 4 usiodunda sana, vipindi 2 vya dakika 20, mpira ukivuka mstari umetoka.
Huu: uwanja wa hoki wa futi 200 kwa 85, yaani mita 61 kwa 26, kona za mviringo, mbao na kioo juu yake, zulia la nyasi bandia, mpira namba 5, robo 4 za dakika 15. Wachezaji 6 kila upande pamoja na kipa, mabadiliko hayana kikomo na mpira hausimami.

KipaNamba1, ongezea na goli lenyewe. MISL ya wakati ule goli lilikuwa futi 12 kwa 6 na nusu, mita 3.66 kwa 1.98. Goli la nje ni 7.32 kwa 2.44. Ukizidisha, la ndani halifiki hata nusu ya eneo. Kipa wa kawaida anatosha mule. Ndiyo maana sikubali kwamba kila kitu ni kipa.

#5 KipaNamba1
Goli dogo ndilo linalomponza, mkuu. Anadhani ametosha, anakaa kwenye mstari. Mashuti mengi ya ndani yanapigwa kutoka karibu, na ukikaa kwenye mstari unasubiri kudunguliwa. Inabidi atoke hatua mbili tatu, apunguze pembe, na akitoka basi mpira wa ukutani unampita nyuma. Hapo ndipo kazi ilipo. Ukubwa wa goli ni hadithi nyingine.

#6 Nyangumi_254
Niaje wasee. Mnaongea mbao na kioo mkisahau kalenda. 1984 ni mwaka gani? Ni mwaka NASL, ligi kubwa ya nje, inakata roho. San Diego Sockers, Chicago Sting, Minnesota Strikers na New York Cosmos wote wakahamia MISL msimu huo huo ambao Dallas anaanza. Ligi ikawa na timu 14.

Kwa hiyo Dallas hakuingia kwenye ligi ya kawaida. Aliingia pamoja na watu wenye vikosi kamili. Sockers walikuwa tayari wamebeba ubingwa wa MISL 1983, walipoingia kwa msimu mmoja, na ubingwa wa ndani wa NASL 1982 na 1984. Sting ndio mabingwa wa mwisho wa NASL. Wewe unaanza kusajili huku hao wanaleta basi zima. Na nani akachukua MISL 1985? Sockers hao hao.

#7 MzeeWaUkuta
Nyangumi, hoja yako inaisaidia yangu. Sting walimaliza fainali ya nje tarehe 3 Oktoba 1984 dhidi ya Toronto Blizzard. Wiki chache baadaye wako ndani. Cosmos nao walitoka nje, wakaumia hadi wakajitoa katikati ya msimu, Februari 1985. Watu wa nje wakiingia ndani wanateseka.

#8 Nyangumi_254
Zii, mzee. NASL ilikuwa na misimu yake ya ndani tangu 1979–80. Hao wachezaji ukuta walikuwa wanaujua vizuri. Na Cosmos kujitoa ilikuwa mambo ya pesa, usiwabebeshe mbao.

#9 MamaGozi
Nawasoma kimya kimya. Hakuna aliyegusa benchi.

Soka hili linachezwa kwa zamu, kama hoki. Zamu moja ni dakika moja hadi moja na nusu, ikizidi dakika mbili mtu anatembea. Unahitaji safu tatu za watu watano, na kila safu iwe na mabeki wawili wanaofahamiana, mtu mmoja wa kati, na wawili wa mbele. Timu mpya huwa na safu moja nzuri. Ya pili inavumilika. Ya tatu ni ya kuombea dua.

Kocha mwenye safu moja nzuri hufanya kosa lile lile: anairefushia zamu. Robo ya kwanza inaonekana sawa, ya pili pia. Robo ya tatu miguu imekwisha, na mpinzani bado anazungusha safu tatu. Timu changa nyingi hupotea kwenye robo ya nne ikiwa imeongoza kabla.

Na kubadilishana kwenyewe ni ufundi. Anayetoka lazima afike benchi kabla anayeingia hajagusa mchezo, la sivyo mmezidi, mnaadhibiwa dakika 2. Unabadilisha mpira ukiwa kwenye kona ya mpinzani na mwenzako ameukalia. Ukibadilisha mpira ukiwa katikati, umefungwa.

#10 Mpemba_Halisi
Asalaam aleikum. Nawauliza nyote: kama timu mpya lazima iteseke, mbona Las Vegas Americans walianza msimu huo huo wa 1984–85 na wakamaliza wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo? Ligi moja, mwaka mmoja, wapinzani walewale.

#11 BwanaTakwimu
Waaleikum salaam. Mpemba, hapo umetuchanganyia mchele na chuya. Las Vegas Americans walikuwa wapya kwa Las Vegas tu. Timu ilikuwa Memphis Americans hadi 1984, na kabla ya kwenda Memphis mwaka 1981 ilikuwa Hartford Hellions. Kilichohama kilikuwa na historia ya miaka minne ligini. Dallas walianza na karatasi tupu.

#12 Mpemba_Halisi
Basi umenipa jibu nilitakalo. Kama kuhama na kikosi kunatosha, ukuta siyo shida wala kipa siyo shida. Shida ni kuzoeana. Na Las Vegas pamoja na kushinda wakafa baada ya msimu ule ule mmoja. Dallas waliofungwa 36 wakabaki. Mnaupima msimu wa kwanza kwa kipimo kipi hasa?

#13 kaka_wa_Utica
Mpemba kagusa penyewe. Mfano wa karibuni ni Utica City FC, jimbo la New York. Msimu wao wa kwanza ni 2018–19 katika ligi ya sasa, MASL, lakini timu ilitoka Syracuse ilikoitwa Silver Knights tangu 2011. Wakaingia ukumbi wa hoki uliofunguliwa 1960 unaotumiwa pia na timu ya hoki ya Utica Comets. Mji mdogo, ila umepokea wakimbizi kwa miongo: Wabosnia, Wakaren wa Burma, Wabantu wa Somalia. Watu waliozaliwa na mpira miguuni. Tiketi ya kwanza haikuhitaji mtu aelezwe mpira ni nini.

Dallas hawakuwa na bahati hiyo. Tornado, timu ya nje ya mji ule, ilikuwa imekufa tangu 1981. Miaka mitatu mji hauna timu kubwa ya soka.

#14 FundiZulia
Nyie wa mbinu mkichoka mtupishe sisi wa sakafu.

Uwanja mzima ukitoa kona ni karibu mita za mraba 1,500 za zulia, linaloletwa kwa mistari iliyoviringishwa. Kwenye ukumbi wa hoki barafu haiyeyushwi. Inafunikwa kwa mbao zenye kihami joto, ndipo zulia linatandazwa juu, mistari inaunganishwa kwa mikanda ya kunata, kisha linavutwa kutoka ncha zote. Mahali pa goli, kipande cha ukuta kinatolewa na goli linaingizwa ndani ya ukuta, mstari wa goli ukiwa sawasawa na mbao.

Yanayoharibika:
Mbao zisipokaa vizuri, unyevu unapanda. Zulia linakuwa na utelezi upande mmoja na kavu upande wa pili.
Viungio vikiachia, ukingo unanyanyuka. Kidole cha kiatu kinanasa, goti linakwenda.
Zulia lisipovutwa, linakunjana kwenye kona, na kona ndipo mpira unapogombewa.
Viatu: meno mafupi ya mpira, mengi. Njumu ndefu za nje hazifai kabisa, zinashika mno mguu ukizunguka.

Timu mpya hukodi ukumbi saa chache kabla ya mechi. Wanatandika haraka. Wenyeji nao wanashindwa kuujua uwanja wao wenyewe.

#15 BwanaTakwimu
FundiZulia, somo zuri lakini siyo la Dallas. Reunion Arena haikuwa na hoki ya NHL, ligi kuu ya hoki, hadi timu ya Stars ilipohamia kutoka Minnesota mwaka 1993. 1984 mpangaji mkubwa ni Mavericks. Barafu ya kufunika haikuwa shughuli, shughuli ilikuwa sakafu ya mbao ya kikapu kutolewa.

#16 FundiZulia
Ndiyo mbaya zaidi, mkuu. Zulia juu ya zege tupu linadundisha mpira juu na haraka, na magoti yanalipa. Mechi 24 za nyumbani juu ya zege kwa kikosi chenye safu moja ya kutegemewa, rudi kwa MamaGozi uone hesabu inavyokaa. Tena mwenye Mavericks ndiye mwenye Sidekicks: tarehe nzuri za ukumbi anampa mtoto yupi?

#17 ChengaKavu
Mkubwa, bila shaka 😂
Ila mimi nauliza, ni kweli mpira wao ulikuwa mwekundu?

#18 Nyangumi_254
Kweli, MISL walitumia gozi jekundu. Na Tatu kila akifunga anavua jezi anairusha kwa mashabiki. Mtunza vifaa alikuwa na kazi kuliko kipa.

#19 KipaNamba1
Kwa msimu ule wa vipigo 36, nadhani kipa ndiye aliyestahili kurusha jezi. Na asirudi.

#20 MamaGozi
Turudi. Kuna jambo la kuwa pungufu. Adhabu ya dakika 2, ambayo leo inakuja na kadi ya bluu, inakuacha na wanne wa ndani dhidi ya watano. Ukifungwa, aliyeadhibiwa anarudi.

Kujilinda mkiwa wanne ni kisanduku: wawili juu, wawili chini, hakuna anayefuata mtu hadi ukutani. Timu changa inavunja kisanduku. Mmoja anachomoka kumkimbilia mwenye mpira kwenye kona, nyuma yake panabaki uwazi, pasi moja ya ukutani na imekwisha. Mnaposhambulia mkiwa mmezidi, mpira unazungushwa nje ya kisanduku hadi mtu mmoja wa chini ageuze kichwa, kisha shuti, na wawili tayari kwenye nguzo kwa ajili ya mpira unaorudi. Mpango huo unahitaji watano waliorudia pamoja mara nyingi mno. Timu ya mwaka wa kwanza haina watano hao.

Kisha mshambuliaji wa sita. Kipa anatolewa, mchezaji wa ndani anavaa jezi ya kipa na kupanda mbele, sita dhidi ya watano wa ndani. Timu inayofungwa kila wiki hutumia silaha hii kila wiki. Mpira ukipotea, goli tupu. Kwa hiyo mechi iliyokuwa ya kupoteza kwa bao moja inaisha kwa matatu. Anayesoma matokeo tu anadhani timu ilizidiwa mbali.

#21 ChengaKavu
Halafu kuna matokeo niliyaona ya 19–12, 22–15. Hapo kweli kuna kipa?

#22 BwanaTakwimu
Hayo siyo mabao, ni pointi. Ligi ya NPSL ya miaka ya 1990 ilihesabu bao kwa 1, 2 au 3 kulingana na mahali na hali. MISL ya 1984 bao ni 1, na MASL ya sasa pia ni 1. Usilinganishe msimu wa kwanza wa timu ya NPSL na wa Sidekicks kwa mabao. Linganisha ushindi tu.

#23 MzeeWaUkuta
Mmesahau pia kosa la mistari mitatu. Mpira ukipigwa hewani kuelekea mbele ukavuka mistari miwili myekundu na wa katikati bila kugusa mtu wala ukuta, ni adhabu, na mpira unapigwa kutoka mstari wa kwanza uliovukwa, yaani karibu na goli lako. Beki wa nje akibanwa, dawa yake ni kubutua. Ndani kubutua ni kujifunga. Dawa ni kuugonga ukuta wa pembeni kwa pembe kali, mpira uvuke ukiwa umeshagusa ukuta. Narudi palepale: ukuta.

#24 Mpemba_Halisi
Mzee wewe hata mvua ikinyesha utasema ukuta.

Mimi naongeza la fedha. Cincinnati Kids walikuwa miongoni mwa timu 6 za kwanza kabisa za MISL. Tarehe 22 Desemba 1978 walicheza mechi ya ufunguzi wa ligi dhidi ya New York Arrows huko Nassau Coliseum, wakalala 7–2. Pete Rose wa besiboli, mmoja wa wenye hisa, ndiye aliyepiga mpira wa kwanza. Jina kubwa, magazeti yote. Msimu ulipokwisha na timu ikaisha. Arrows wakabeba ubingwa ule na mitatu iliyofuata. Wenye timu wasipokubali kupoteza fedha mwaka wa pili, kocha hana la kufanya. Carter alikubali.

#25 Nyangumi_254
Hapo nakupa tano. Na Jago akaachwa kazini baada ya vipigo 36. Huku kwetu kocha huyo angefukuzwa kwenye cha tano, akiwa bado kwenye basi. Msimu wa pili ushindi 25, vipigo 23. Wa tatu 28–24, kisha fainali dhidi ya Tacoma Stars wenye Steve Zungul na Preki. Mechi ya saba, Juni 20, 1987, Tacoma Dome, watu 21,728. Dallas 4–3 muda wa ziada.

#26 BwanaTakwimu
Mwaka wa ubingwa walishinda asilimia 54 tu ya mechi za kawaida. Mruko mkubwa ulikuwa kati ya msimu wa kwanza na wa pili, kutoka robo hadi zaidi ya nusu. Kutoka wa pili hadi wa tatu ni hatua ndogo. Hivyo anayetaka kujua kilichoharibika 1984–85 atazame kilichobadilika kiangazi cha 1985, aiache fainali ya Tacoma. Na Nyangumi, kiangazi hicho Cosmos na Las Vegas hawapo tena. Wachezaji wao walikuwa sokoni.

#27 Nyangumi_254
Eeh, si ndicho ninachosema tangu #6? Kifo cha NASL kiliwaumiza kwanza, kisha vifo vingine vikawalisha.

#28 MamaGozi
Kila timu ilikuwa kwenye soko hilo, siyo Dallas peke yake. Kilichobadilika ni kwamba safu zilikuwa na mwaka mmoja pamoja.

Kwa timu inayoanza leo ningepanga wiki sita kabla ya mechi ya kwanza. Mbili za kwanza ni zamu na mabadiliko tu, saa ya kusimamisha mkononi, sekunde 75 kisha filimbi, hata kama mtu yuko peke yake na kipa. Mbili za kati ni ukuta: beki anapokea mpira unaorudi akiwa ameugeuzia mgongo uwanja. Mbili za mwisho ni pungufu na kuzidi, nne dhidi ya tano, na mshambuliaji wa sita siku mbili tu. Kipa yumo tangu siku ya kwanza.

#29 KipaNamba1
MamaGozi, mpango wako wote unahitaji ukumbi wenye ukuta kwa wiki sita, na timu mpya haiupati kwa bei hiyo. Wengi wanafanya mazoezi kwenye uwanja wazi wa nyasi bandia. Anayekwama hapo aegemeze mbao za urefu wa mita 1 nyuma ya goli, mita 5 kila upande wa nguzo, zilizofungwa kwenye fremu nzito zisisogee. Zikisogea hata kidogo mpira unakufa, na kipa anajifunza pembe ambayo haipo siku ya mechi.

#30 FundiZulia
Na ubao usiwe mwembamba. Plaiwudi nyembamba inaua kasi ya mpira. Weka mbili pamoja, skrubu kila sentimita 30.

#31 MzeeWaUkuta
Asanteni. Naona sasa wote mnajenga ukuta 😁

#32 KipaNamba1
Tunamjengea kipa, mzee.